Kibastola Kisichosikika

Hakimu mpelelezi alikaa kwenye kiti cha mke wangu, saa yake ya mfukoni iko wazi kiganjani, sikio kalielekeza ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo, jikoni kwa jirani yetu Toussaint Grandry, askari alikuwa amesimama na bastola ileile iliyomuua Odile, mke wa Toussaint, tayari kufyatua risasi moja kwenye pipa la mchanga. Ilikuwa Jumanne, saa kumi alasiri. Mtaa mzima ulikuwa kazini. Kwenye kila dirisha kulikuwa na mwanamke na tupa yake, wote wanasugua vyuma vya bastola, na uani kwa jirani mwingine nyundo ilikuwa ikigonga bila kupumzika.

"Ameshapiga?" hakimu akaniuliza baada ya kitambo.

"Ameshapiga, bwana hakimu."

"Mbona sikusikia kitu?"

"Ndivyo zilivyo hizi ndogo."

Akaandika. Mimi mlio ule niliusikia kama mtu anavyosikia jina lake likiitwa. Tena Odile hakupigwa risasi Jumanne. Alipigwa Jumapili, siku ambayo mji wetu wa Herstal mzima tupa zimelala, na jirani akiangusha kijiko unajua ni cha chai au cha supu. Hakimu hakulifikiria hilo, kwa kuwa alikotoka yeye siku zote zina sauti moja. Watu wa nyumba kumi na nne za safu yetu walilifikiria, na hakuna aliyemkumbusha.

Jina langu Servais Lhoest, na kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kujaribu bastola kabla hazijauzwa. Mia mbili kwa siku, zote kwenye mchanga. Wauzaji waliwaambia wateja kwamba ile ndogo, ya risasi nene kama punje ya njegere, haisikiki chumba cha pili. Bastola ya bibi, waliiita; haiamshi mtoto. Uongo mtupu. Ni kweli haingurumi kama za jeshi, lakini inapasuka kama ubao mkavu unaovunjwa gotini, na ndani ya jiko la vigae mpasuko huo unamrusha mtu kitini. Sisi tuliujua uongo huo vizuri, maana ndio tuliokuwa tukiuuza.

Jumapili yenyewe tulikuwa mezani. Mke wangu Hubertine alikuwa amekata tati, ule mkate mtamu wa wali, na kipande changu nilikuwa nimekila nusu. Ukasikika mlio mmoja. Nikatazama saa: kumi kamili.

"Ya Toussaint hiyo," nikasema. Bastola ile niliijaribu mwenyewe, nikaifahamu.

Kisha ukuta ukagongwa mara tatu.

Wanawake wa safu yetu waliitana kwa ukuta. Mara tatu, kahawa iko tayari, njoo. Mara mbili, nakuja. Hubertine na Odile walijibizana hivyo kwa miaka kumi na mmoja, na mara nyingi nilikuta jiko langu tupu na sufuria inaungua kwa ajili ya umbea wao.

Hubertine akainuka.

"Kaa," nikamwambia.

"Ananiita, Servais."

"Mumewe yumo ndani. Unataka ya pili iwe yako?"

Akakaa. Saa kumi na nusu mlango wa jirani ukabamizwa, na Toussaint akateremka kwenda kucheza karata, anapiga mluzi. Ukuta ukagongwa tena mara tatu. Safari hii sauti ilitoka chini, karibu na sakafu.

"Ameshaondoka," Hubertine akasema. "Twende sasa."

"Tukaone nini? Kale kabastola ni ka kutishia paka. Atakuwa amechubuka tu. Tukiingia, kesho tunaitwa mashahidi, na keshokutwa nani atakuletea vyuma vya kusugua? Paka?"

Toussaint ndiye aliyewagawia wanawake wa mtaa vyuma vya kusugua majumbani mwao. Hubertine akacheka kidogo. Alicheka kwa sababu nilimtaka acheke, na hilo nalibeba mimi, si yeye. Nikamalizia tati yangu. Ilikuwa nzuri, na nikaomba kipande kingine.

Kugonga hakukukoma. Ilipofika saa kumi na moja Hubertine akachukua kinu cha kahawa akaanza kusaga, ingawa birika lilikuwa limejaa. Akasaga mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Saa kumi na mbili alipoacha, hapakuwa na sauti tena.

Toussaint alisema mkewe alijipiga mwenyewe, baada ya yeye kuondoka. Daktari alisema risasi iliingia tumboni, na kwamba Odile alikufa yapata saa kumi na mbili, lakini alipigwa saa ngapi hakuweza kujua. Basi kesi yote ikabaki kwenye mlio. Kama kuna mtu aliyeusikia saa kumi, Toussaint alikuwa nyumbani, na shingo yake ilikuwa hatarini. Mtaa mzima ukajibu kwamba haukusikia, halafu ukamwelekeza hakimu kwangu: muulize Servais, yule ndiye fundi wa milio.

Siku moja kabla ya lile jaribio, Toussaint alinikuta bombani nachota maji.

"Masikio ya mtaa hayo!" akasema kwa furaha. "Haya, ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Najua. Ungesikia ungekuja, au siyo? Servais ninayemjua mimi hawezi kumwacha jirani afe kama panya." Akanipiga shavuni taratibu, mara tatu, kwa kidole kimoja.

Alikuwa ameiona chokaa ya ukuta iliyobomoka upande wake kwa kugongwa, akaelewa yote. Ningekiri kwamba nilisikia bastola, ningeulizwa nilisikia nini kingine. Niliona heri muuaji abaki huru kuliko mtaa ujue nilikula vipande viwili vya tati. Sina neno la kuliitia jambo hilo.

Ijumaa wakamfutia kesi. Jumapili akaja Bi Barbe, mama yake Odile, mzee mfupi kutoka milima ya Ardennes, kuchukua nguo za marehemu. Toussaint alikuwa kwenye karata. Ufunguo alituachia sisi. Mama yule alifunga furushi lake kule, kisha akaja kwetu kunywa kahawa.

"Nyinyi ndio wa ukuta huu?" akauliza.

"Ndio sisi, mama."

"Aliniandikia habari zenu. Kwamba mkeo akigongewa huja hata kama unga uko mikononi. Nikafurahi. Nilimwambia, mwanangu, jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali." Akakiweka kikombe chini. "Kule ndani chokaa imebomoka, karibu na sakafu. Nimekuta na kiatu chake cha mti. Kisigino kimepasuka."

"Nyumba hizi ni za zamani, mama."

Akaniangalia sana.

"Hakimu amejaribu kwa bastola. Mimi bastola sina. Kaeni hapohapo."

Akatoka. Hubertine alikuwa anaosha vikombe, kanipa mgongo. Kukawa kimya, kimya cha Jumapili. Kisha ukuta ukagongwa mara tatu, kwa kidole cha kizee, polepole.

Mimi sikutikisika. Lakini mkono wa Hubertine uliinuka kutoka kwenye maji, unadondosha povu, ukagonga mara mbili.

Akautazama mkono wake kama umeungua.

Bi Barbe akarudi, akasimama mlangoni. Nilingoja laana. Nilingoja aseme anakwenda kwa hakimu, nikawa tayari nimeshapanga jibu. Mimi hakunitazama kabisa. Akajitwika furushi, akamwambia Hubertine:

"Asante, mwanangu. Kumbe unasikia."

Hakurudi tena. Na hata angerudi, karatasi ya hakimu ilikuwa na muhuri, yeye alikuwa na kidole tu.

Hubertine aliishi miaka ishirini na miwili baada ya hapo. Hakunikimbia, wala hatukugombana. Alinipikia, akanifulia, akaniuguza nilipougua mapafu. Ila jina langu hakulitaja tena. Kila alasiri kahawa ikiwa tayari, nami nimepumzika chumba cha juu, aligonga ukuta ule mara tatu, akangoja.

Nami kila siku niligonga sakafu mara mbili, nikashuka.