Bilauri Zisizo na Kitovu

Mdogo wangu alianza kuipenda kazi ya baba siku aliposikia kwamba urithi una wageni, hotuba na picha za gazetini. Kabla ya hapo alilikimbia tanuri kama paka anavyokimbia maji. Akiwa na miaka kumi na sita alilishika bomba la kupulizia vioo mara moja, akaungua kidole, akalia mpaka mama akampaka dawa ya meno, na ufundi wake ukaishia hapo. Leo ni Mwenyekiti wa Kamati ya Kuhifadhi Sanaa ya Vioo. Kidole kile huwaonyesha wageni, eti alama ya kazi.

Kamati yenyewe ni yeye, mkewe na shemeji yake. Waliipaka rangi sebule ya baba, wakaingiza kabati jipya lenye rafu za kioo cha dukani, wakapanga humo bilauri kumi na nne za mguu mrefu, zile zenye uzi wa buluu unaopanda ukizunguka ndani ya mguu. Juu yake wakabandika kibao: Kazi ya Mikono ya Marehemu Baba Yetu.

Uongo mtupu. Baba alikuwa fundi, tena fundi kwelikweli, lakini mikono ilianza kumtetemeka miaka kumi na mmoja kabla hajafa. Tangu hapo yeye alikaa kwenye benchi akizungumza na wateja, na mimi bintiye nikapuliza. Zote kumi na nne ni zangu. Mdogo wangu anajua, maana hakukosa hata siku moja kuja kula chakula cha mchana pale pale karakanani, akinikuta nimelowa jasho.

Sikubishana naye. Bilauri ya kupulizwa ina kitovu. Ukishaipuliza, unaigandisha kitako kwenye fimbo ya chuma ili uutengeneze mdomo. Ukimaliza unaigonga fimbo, bilauri inakatika, na pale ilipokatikia hubaki kovu. Hilo ndilo kitovu chetu. Baba alikiacha chake vilevile. Mimi, kikiwa bado cha moto, nilikibonyeza kwa ncha ya msumari mara tatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishauri.

"Weka alama, mwanangu," aliniambia. "Watu ni wasahaulifu."

Kwa hiyo nilisubiri mtaalamu wa makumbusho aje kuzikagua, nimgeuzie bilauri moja tu. Nilitaka jina langu kwenye kile kibao. Sikutaka kingine.

Siku ilipofika Mwenyekiti alivaa suti nzito katika joto lile, akahutubia. Urithi ni nuru, urithi ni mzizi, urithi ni sijui nini. Debe tupu haliachi kuvuma. Alinitaja pia: "dada yetu mpendwa, aliyekuwa akimsaidia baba kufagia." Watu wakapiga makofi.

Mtaalamu, mama wa makamo aliyevaa raba, hakuwa akisikiliza. Alifungua kabati, akatoa bilauri, akaipindua, akapitisha kidole gumba kitakoni. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu.

"Kitovu kiko wapi?" aliuliza.

Nilisogea. Vitako vilikuwa laini kama sahani.

"Umezifanya nini?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Zilikuwa zinakwaruza rafu, dada," alininong'oneza. "Nikampa fundi vigae azisage vitako. Si zimependeza?"

Mtaalamu alifungua daftari. "Hizi ni za kiwandani. Siwezi kuziandika kama kazi ya mkono."

Jasho likamtoka Mwenyekiti, jasho lake la kwanza kwa ajili ya vioo. Akanidaka mkono, akanivuta mbele ya watu.

"Mama, ngoja kwanza! Si za kiwandani! Dada yangu huyu ndiye aliyezitengeneza, zote! Baba alikuwa mgonjwa! Muulize mwenyewe. Sema, dada, sema!"

Neno hilo nililisubiri tangu baba yu hai. Sasa limekuja, na limetoka kwenye kinywa kile, kwa ajili ya kuokoa kabati. Nilimdharau mdogo wangu kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote, na nimewadharau wengi.

"Ni kweli, mama?" mtaalamu aliniuliza, kalamu mkononi. "Ni zako?"

Akanipa bilauri. Nilipapasa kitako chake, nikatafuta nukta zangu tatu. Hakukuwa na kitu.

"Zangu zina kitovu," nilisema. "Hizi sizijui."

Akaandika. Mwenyekiti akakaa chini kwenye kiti cha mgeni rasmi, na wageni wakarudia soda zao.

Nilipokuwa nairudisha bilauri kabatini niliona uzi wa buluu umepinda kidogo karibu na juu. Hiyo niliipuliza asubuhi waliyokuja kunipa habari za kifo cha baba. Nikaiweka chini ya kibao chake, nikafunga kabati.