Mkono wa Kushoto wa Unyoya

Roscoe Tillery alikubali kufanyiwa sherehe ya densi ya kumuenzi kwa sharti moja: mkono wake wa kushoto ukae mfukoni, na mtu asiuguse. Alimwambia hivyo Vernell Boykin jikoni kwake, Mtaa wa Mia na Arobaini, Harlem, huku akikoroga kahawa kwa mkono wa kulia. Kiharusi kilikuwa kimeuua ule mwingine miezi saba nyuma. Mguu ulipona, mkono ukakataa, na tangu hapo hakukanyaga tena ukumbi wa densi.

"Niahidi, binti."

"Nakuahidi, Mzee. Lakini nina miaka sitini na moja. Binti gani huyo?"

"Utakuwa binti mpaka ujifunze kutua bila kishindo."

Mzee mwenyewe aliitwa Unyoya. Enzi zake katika densi ya swingi, wakati swingi ilipokuwa swingi, aliruka juu ya kichwa cha mwenzake akatua sakafuni kimya. Waliokuwepo walizidisha chumvi kila mwaka, na hakuna aliyewakatalia.

Vernell alikuwa na miaka kumi na tisa walipokutana, mfua mashuka wa hospitali, miguu mizito, kichekesho cha ukumbi mzima. Unyoya hakucheka. Alimshika mkono akatembea naye kuzunguka ukumbi, jioni sita mfululizo, bila kumfundisha hatua hata moja. "Kwanza tutembee kama marafiki," alisema. "Densi itatukuta njiani." Na miaka mingi baadaye, Vernell alipofiwa na mumewe, mzee alifika kila Jumamosi na pai ya viazi vitamu, akaila nusu mwenyewe, akaaga. Hakuwahi kumwambia ajikaze. Kwa hilo tu Vernell angemfia.

Sasa, katika swingi mwanamume humwongoza mwenzake kwa mkono wa kushoto. Huo ndio usukani. Ikabidi wajifunze upya kwa mkono wa kulia, pale pale jikoni, wiki tano, wakigonga viti na kutukanana kwa mapenzi. Vernell alitakiwa kutoa mkono wa kushoto, yeye aliyetoa wa kulia kwa miaka arobaini na miwili.

"Huo siyo!"

"Najua siyo!"

"Kama unajua, mbona unaniletea?"

Jumapili ya sherehe, baada ya ibada, chumba cha chini cha kanisa kikajaa watu na harufu ya kuku wa kukaanga. Unyoya aliingia na suti ya kijivu, mkono mfukoni, kama bwana anayesubiri treni. Desturi ya watu wa swingi ni kwamba mwenye siku yake husimama katikati ya duara, anacheza, na wengine wanaingia mmoja mmoja kumwiba kwa anayecheza naye, mpaka achoke. Wa kwanza alikuwa Vernell.

Tarumbeta ikalia. Makofi yakaanguka panapostahili, maana pale hata bibi wa miaka tisini anajua makofi yanakaa wapi. Miguu ya Vernell ikaamka, na mazoea yana taabu: mkono wake wa kulia ukaruka wenyewe, ukanasa mkono wa koti la mzee. Mkono uliokufa ukatoka mfukoni, ukaning'inia mbele ya watu wote, vidole vimejikunja.

Makofi yakasita. Vernell alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mzee, nisamehe. Nimekuaibisha."

Unyoya aliutazama ule mkono. Kisha akamtazama yeye.

"Umebisha hodi kwenye nyumba tupu, binti," akasema. "Ngoma haijasimama. Nilikufundisha nini? Ukikosea mara moja?"

Vernell akajibu: "Ni kosa."

"Mara mbili, ndani ya mdundo?"

"Ni hatua."

"Basi!"

Vernell akarudi nyuma, akangoja mdundo, akaja. Akaugusa mkono wa kushoto wa mzee, akauinua kidogo, akaushusha taratibu. Halafu akatoa mkono wake wa kushoto, Unyoya akaudaka kwa wa kulia, akamtupa nje ya duara na kumrudisha. Wakarudia. Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele.

"Toka hapo, Vernell!" Ilikuwa sauti ya Lurline Gaither, mpishi wa pai. "Mzee si wako peke yako, umemwatamia kama kuku!"

Lurline akaingia, na kwa kuwa alidhani ndiyo hatua ya siku hiyo, akaanza kwa kuugusa mkono wa kushoto. Aliyemfuata akafanya vilevile. Na wa tatu, na wa kumi. Hakuna aliyeambiwa. Vernell alisimama pembeni akipiga makofi, machozi yanamtiririka, hakujali kuyafuta.

Baadaye mzee alikaa kitini, shati limelowa, anahema na kucheka. Vernell akamletea koti, akamfungulia mfuko wa kushoto.

"Lete mkono, Mzee. Nje baridi."

"Uache." Alitikisa kichwa. "Mkono huu umesalimiwa na watu wote hawa leo. Nikiuficha tena nitakuwa sina adabu."

Vernell akahamia upande wa kushoto, akaushika kwa mkono wake wa kulia, safari hii bila kukosea, na wakatembea hadi nyumbani.