Waonjaji wa Bibi Mwiko

Watoto walimwita Bibi Mwiko, maana ule mwiko wake mrefu haukumtoka mkononi tangu jiko la shule liwashwe hadi majivu yapoe. Mwaka ule aliona jambo lisilompendeza. Zamani sufuria ilibaki na chakula kidogo. Sasa ilikombwa ikang'aa. Vibarua viliadimika mtaani, na watoto waliofika asubuhi hawajatia kitu tumboni wakazidi kila wiki.

Mmoja alikuwa binti wa fundi viatu, darasa la tano. Alianguka mstarini, wenzake wakacheka kwamba amelewa usingizi. Walimu walipompa mkate aliusukuma, akasema kwao wameshakula. Jioni fundi akamweleza Bibi Mwiko kwamba mtoto hataki tena shule. Afadhali njaa ya nyumbani kuliko huruma ya hadharani. Bibi akamsihi amlete walau kesho tu.

Kesho yake, kabla ya kengele, akamwita binti jikoni. Akalalamika kwamba ulimi wake umezeeka, hautambui tena chumvi, kisha akamjazia bakuli la maharage.

"Nionjee, mjukuu wangu. Bakuli zima. Chumvi hujificha chini."

Binti alikula taratibu, uso umemkauka kama wa hakimu.

"Bibi, haijakolea."

Bibi Mwiko akaonja. Kweli, haijakolea. Akacheka mpaka mwiko ukatikisika, akaongeza chumvi. Tangu hapo binti hakukosa shule hata siku moja. Alikuwa na kazi yake.

Waonjaji wakaongezeka. Mwalimu mkuu alipita akakuta benchi limejaa, akauliza sufuria moja inahitaji ndimi ngapi.

"Sufuria kubwa, Mwalimu. Huku chumvi ipo, kule haipo."

Mwalimu mkuu akawatazama wale watoto. Kesho yake alileta benchi la ofisini kwake, akalibeba mwenyewe. Wageni wake wakaanza kusimama.

Asubuhi moja binti alikuja amemshika mkono mtoto wa darasa la kwanza aliyekauka midomo.

"Bibi, leo kwetu tumekunywa chai, kweli kabisa. Lakini huyu," akamsogeza mbele polepole, "ana ulimi mkali. Atakufaa."

Bibi Mwiko akamtazama binti. Kumbe binti alijua siku zote. Akachota mabakuli mawili.

"Mwonjaji mpya hufundishwa na mzoefu. Kaeni."

Wakakaa. Mkubwa akamwinamia mdogo, akamnong'oneza kwamba asiache kitu, kwa sababu chumvi hujificha chini.