Mpaka Ziive

Jengo la Mzee Ngan halina lifti. Ni ghorofa sita, ngazi nyembamba, na kila kona kuna mtu kaweka rafu ya viatu. Mimi na Bonge Hoi tulizipanda ngazi hizo na amplifaya mabegani mpaka wapangaji wakawa wanatusalimu kwa majina. Duka letu la mtaa wa Sham Shui Po lina mashine za muziki za kila aina, na Mzee Ngan alikuwa amezijaribu karibu zote.

Tatizo lilikuwa spika zake. Zimenizidi kimo, nyeusi, zinang'aa kama piano, na kwa bei yake ungenunua chumba kwenye jengo lenye lifti. Spika za namna hiyo ni tamu lakini zina njaa. Ngoma nzito ikipigwa zinavuta umeme ghafla, na amplifaya isiyo na kifua inakata pumzi. Tulimpelekea amplifaya ya taa za kioo, za mtindo wa zamani. Waimbaji wakatoka laini, besi ikalegea kama godoro lililolowa. Tukampelekea yenye nguvu. Besi ikasimama, waimbaji wakaanza kupiga kelele kama wauza samaki. Amplifaya kuzimudu spika, sisi tunaita kusukuma. Mzee alisema ile ya kwanza haisukumi, na ya pili inasukuma kama abiria wa treni ya asubuhi.

Watu kama yeye, wasioridhika na sauti, tunawaita wenye homa. Si tusi, wenyewe wanajiita hivyo.

Mkewe hakuwa na homa. Alikuwa na magoti. Mara ya mwisho Mama Ngan kushuka ilikuwa Mwaka Mpya, na kurudi juu alikaa chini kila ghorofa kama mzigo uliosahauliwa. Tangu hapo mboga analetewa na jirani, na soko analisikia dirishani tu. Binti yao aliwatafutia mahali Tseung Kwan O, jengo lenye lifti, karibu na kwake. Mzee aliahidi watahama. Ila kwanza apate amplifaya ya kupatana na zile spika, na ziive.

Hilo ndilo neno lenyewe. Mashine mpya huku hatusemi tunaizoesha. Tunasema tunaipika, kama supu ya moto mdogo. Unaiacha inaimba mchana kutwa, siku baada ya siku, mpaka ukakasi uitoke. Kila amplifaya tuliyoleta, Mama Ngan aliishi na kelele za kupikwa kwake, kisha mzee akasema haifai, nasi tukaja kuishusha.

Agosti ile tulileta mbili, moja kwa kila spika. Tulizibeba moja moja, kwa mikanda ya mabegani.

"Tak, nikifa hapa," Hoi alisema ghorofa ya nne, "usihangaike kunishusha. Nigeuze rafu ya viatu."

"Kufa tukishafika juu. Siwezi kubeba peke yangu."

Mama Ngan alitungoja mlangoni. Hoi akaenda kuegemea feni, mimi nikavutwa jikoni. Supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi ilikuwa inatokota.

"Tak, niambie ukweli. Hizi ndizo?"

"Zina transfoma kubwa, Mama. Nadhani ndizo."

"Usinidhanie. Juzi pia ulidhani."

"Ndizo."

"Haya. Basi naendelea kufunga vyombo."

Kumbe alishaanza. Chini ya sinki bakuli za sikukuu zilikuwa zimeviringishwa kwenye magazeti na kufungwa kamba.

Tuliunga nyaya, tukaziacha mashine zipate joto. Mzee akaweka rekodi ya ngoma kubwa, halafu ya mama mmoja anayeimba opera ya kikwetu. Mimi nimechoka na muziki. Nyumbani nasikiliza mbio za farasi, basi. Lakini siku ile nilisimama na koleo mkononi. Ngoma ilinyamaza pale pale mkono uliponyamaza. Yule mama alisimama katikati ya spika, na ungemsikia akimeza mate. Hoi aliacha kujikuna. Mama Ngan alitoka jikoni na upawa wake.

"Zimepatana," nilisema.

Mzee alijifuta macho. "Zinasukuma," alisema. "Na hazimsukumi mtu."

"Kwa hiyo tunahama," Mama Ngan alisema.

"Bado hazijaiva."

"Zitaivia Tseung Kwan O. Huko hakuna umeme?"

Mzee alimtazama kama aliyeambiwa apike supu kwenye ndoo. "Bibi wewe, kule dari linagusa nywele. Kuta ni karatasi. Sauti hii nusu yake ni chumba hiki. Muulize Tak."

Wakanigeukia wote wawili.

"Chumba kina sehemu yake," nilisema. "Kule nitakuja kuzipanga upya."

"Itakuwa hii?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mama Ngan alikuwa ananiangalia mdomoni. "Haitakuwa hii, Mzee."

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzimu wewe." Alisema taratibu, hakupandisha sauti. "Muda wote huu nadhani mashine ndizo zinazopikwa. Kumbe ni mimi."

Alirudi jikoni, akazima jiko, akatoka na mkoba na kile kifurushi cha bakuli.

"Wewe bonge, dude moja hapo lina kilo ngapi?"

"Tisini hivi, Mama."

"Mimi arobaini na nane. Lete mikanda."

Hoi akacheka. Kisha akaona anacheka peke yake.

"Tak, usithubutu," Mzee Ngan alisema. "Mteja hapa ni mimi."

"Mzigo wako umeshafika, Mzee."

Mama Ngan alikaa kwenye kiti cha mezani, bakuli mapajani, tukapitisha mikanda chini ya kiti, tukainua. Mgongo wangu ulinitukana. Nyuma yetu mzee aliongeza sauti, na yule mama wa opera akatufuata ngazi zote.

"Inua kidogo kulia. Kuna rafu," nilimwambia Hoi.

"Mnanibeba kama jokofu," Mama Ngan alisema.

"Jokofu halilalamiki, Mama."

Ghorofa ya pili sauti ya muziki ilipungua ghafla. Tukasikia kandambili zikipiga ngazi huko juu.

"Msisimame," Mama Ngan alisema.

Tulimtua kando ya barabara, kwenye jua, mbele ya duka la vitambaa. Alitengeneza nywele, akawa anaangalia watu wanavyopita. Nikasimamisha teksi. Mzee alifika akihema, na jozi ya viatu mkononi.

"Umesahau viatu."

"Sikusahau. Nilikuwa sina pa kuvivaa."

Mzee aliinama akamvalisha, polepole, maana na yeye ana magoti yake, hayo hayazungumziwi. Mama Ngan akaingia kwenye teksi, akaacha mlango wazi.

"Ingia, au panda ngazi zako," alimwambia.

"Babu, amua, nazuia njia!" dereva alipiga kelele.

Mzee aliinua uso kulitazama dirisha lake la ghorofa ya sita. "Tak. Dari la kule, kweli liko chini?"

"Liko chini, Mzee. Chini sana."

Akatikisa kichwa, akaingia, akafunga mlango. Halafu akateremsha kioo. "Mashine zinawaka bado. Nani atazizima?"

Nilimtazama Hoi. Alishakalia kile kiti cha mezani, miguu kainyoosha. "Mimi sipandi," alisema. "Hata uniite mbwa."

Nikapanda. Mlango ulikuwa wazi, supu bado ya moto. Yule mama wa opera alikuwa anaimba kwa sauti ndogo kwenye chumba kisicho na mtu. Nilinyoosha mkono kuzima, nikaurudisha. Nilikaa kwenye kiti cha mzee nikamsikiliza mpaka mwisho.

Ni kweli. Kule haitakuwa hii.

Nikazima.