Sentensi Moja ya Kumnyamazisha Delmar

...na bado anaongea, mzee Delmar Stiltner, kipaza sauti amekishika kama anakikaba koo, anauponda muswada wangu kifungu baada ya kifungu, na mimi nimekaa hapa pembeni yake kama nilivyokaa tangu watu wa wilaya yangu waliponileta katika bunge hili la jimbo, yeye chama kile, mimi hiki, aliyetupangia viti bila shaka alitaka tutoane macho, lakini siku ya kwanza tu mzee akanisukumia peremende, "Kula, wakili, hotuba za humu ndefu kuliko mahubiri ya marehemu baba," na tangu hapo tunapingana mchana na kula chakula pamoja jioni... "Waheshimiwa," anasema, "mama anatafuna vidonge vya kulevya mpaka mtoto analala na njaa, serikali inamchukua mtoto, halafu Mheshimiwa Kittle anataka tumpe huyo mama wakili wa bure. Kwa nini tusimpe na dereva?" ukumbi unacheka, hata wa upande wangu wanacheka, nami midomo inanicheza maana anajua kuchekesha, mzee huyu, lakini ndani hasira inawaka moto, kwa sababu ninayo sentensi moja, moja tu, nikisimama nikaitamka atakaa chini na muswada utapita... Darla. Binti yako Darla, Delmar, alipanda ngazi za ofisi yangu juu ya duka la dawa, amelowa chapachapa, mgongo ulimuumia kwenye ajali, vidonge vya kutuliza maumivu vikamgeuka, na watu wa ustawi wa jamii walikuwa wamemchukua Opal, mtoto hajajua hata kuvaa viatu, na kesho yake ni mahakamani, "Nakuomba, mama, baba asijue," akasema, nikamwambia, "Mimi ni wakili wako, hatajua hata mume wangu," na kweli, Everett aliniuliza mbona nalia juu ya supu, nikasema kitunguu, na hakukuwa na kitunguu... "Kodi ya wachimba makaa, waheshimiwa, jasho la watu!"... jaji alishashika kalamu kusaini apokonywe mtoto, nikamwomba muda, atibiwe kwanza, mtoto akae kwa jirani, akanitazama, akaiweka kalamu chini, na mwaka ule ule wewe ulikuwa unakaa hapa, Delmar, unalalamika, "Watoto wa siku hizi, Rowena, amehamia mjini hapokei hata simu, nimemkosea nini?" nikakujibu, "Atapiga, mpe muda," nikageuza uso dirishani, kwenye theluji... akapiga, tena akaja na mtoto, na sasa kila asubuhi kabla ya dua unanisogezea simu yako, "Mwone Opal, anapuliza tarumbeta kama ng'ombe mwenye mafua, lakini sikiliza, sikiliza hapa mwishoni!" na mimi nasikiliza hapo mwishoni... sina haja hata ya kutaja jina, nikisema mjukuu wa mmoja wetu humu ndani inatosha, vichwa vitageuka, naye si mjinga, atakumbuka mwaka ule wa simu zisizopokelewa... na wale wengine je, yule msichana kwenye korido ya mahakama wiki jana, amekumbatia koti dogo la mtoto, akanishika mkono, "Wewe ndiye wa upande wangu?" na mimi nilikuja kwa kesi nyingine, nilipotoka alishaondoka na koti lake, nani alimsemea huyo, hakuna, hii sentensi ni yake pia, kwa nini nisiitoe... "Mheshimiwa Kittle ni rafiki yangu," Delmar anasema, na sauti imeshuka, hachekeshi tena, "nampenda kama binti yangu, kwa hiyo namuuliza yeye, si kwa kumkejeli. Rowena, nitajie mmoja. Mama mmoja tu aliyesimama tena kwa sababu alipewa wakili, nami nitatafakari upya," na amenigeukia, ee Mungu, anauliza kweli, anataka kujua, na hapo hapo namwona Darla akipanda ngazi zile, polepole, ameshika ukuta, alipanda kwa sababu aliamini kuna mlango mmoja duniani ambao maneno yakiingia hayatoki, na nikiyatoa leo hata kwa ajili ya msichana wa korido, kesho msichana wa korido atapanda ngazi za nani... moto umezima, sijui umezima saa ngapi, imebaki huruma tu, kwake, kwa mzee huyu anayeonyesha picha bila kujua anaonyesha jibu... "Bado nakusubiri, Rowena," anasema, na mimi nimeweka mkono juu ya meza ninyanyuke, nitamwambia, "Nawajua, Delmar, na wewe utanisamehe, sitakutajia hata mmoja," tukishindwa nitaurudisha muswada mwakani, ataupinga tena, tutakula pamoja tena, na Darla, siku akitaka, atamsimulia baba yake mwenyewe, kwa mdomo wake, kwenye meza ya jikoni kwake, mimi nisiwepo... Spika anasubiri, Delmar hajaondoa macho usoni kwangu, na mimi namtazama, namtazama tu, kwa upendo ambao hatajua umetoka wapi.