Minyororo Haizuii Wadi

Kimbunga kilitarajiwa keshokutwa, na Ami Asaad alikuwa amekwisha kupandisha matairi mabovu juu ya mapaa ya kabini zake zote, vyumba vya bati alivyolaza wafanyakazi.

"Yateremshe," Hamdiya alisema, hata salamu hazijaisha. "Upepo ukilichukua moja tu, litaua mtu."

Hamdiya alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima, tena binti wa kaka yake. Ami Asaad alidhani udugu huo ungeharakisha saini ya bima ya kabini.

Wanawake waliolala humo, wafanya usafi wa ofisi na nyumba za watu, waliyaangusha matairi. Kisha Evodia, msimamizi wao, akawaongoza kuzifunga kabini kwa minyororo kwenye vitalu vya zege vilivyofukiwa ardhini. Hamdiya alivuta mnyororo mmoja mmoja. Hakuna uliolegea.

"Haya, mwanangu, tia saini. Nna shughuli."

Hamdiya hakutoa kalamu. Alikuwa akiitazama wadi iliyo nyuma ya kabini, bonde kavu la changarawe na chupa tupu. Mvua ikipiga milimani, maji yote yangeshukia hapo.

"Minyororo itazuia upepo, Ami. Maji yakija, itazishika kabini palepale zizame na watu ndani. Sitii saini mpaka zihame."

"Zihamie wapi? Mbinguni?"

"Uwani kwako, kule Bawshar. Kuna ukuta, na ni mahali pa juu."

"Uwani kwangu! Majirani watasema nimefungua kambi!"

Evodia alikuwa akijifuta kutu mikononi. "Majirani zako wanatujua, mzee. Vyoo vyao tunaviosha sisi."

Wenzake wakaangua kicheko. Ami Asaad alimgeukia Hamdiya. "Kampuni za bima ziko nyingi."

"Ziko. Zitakulipa bati na vitanda. Hawa je?"

Evodia ndiye aliyejibu: aliingia ndani, akatoka na godoro lake kichwani, akalitandika kando ya barabara, chini ya kibao chenye jina la Ami Asaad.

"Humu hatulali," alisema. Wenzake wakafuata, godoro baada ya godoro. Magari yakaanza kupunguza mwendo. Mtu mmoja akashusha kioo, akamsalimu Ami Asaad kwa jina.

Ami Asaad akatoa simu, akapiga nyumbani. "Raghad, toeni magari uwani. Geti liacheni wazi."

"Kuna nini?"

"Wageni." Akashusha pumzi. "Tena wengi. Mwambie mpishi."

Hamdiya alivuka barabara kwenda gereji kukodi kreni. Evodia hakuondoka juu ya godoro mpaka kabini ya kwanza iliponing'inia hewani.