Maji ya Kilwa, Muhuri wa Bulyaga

Jumamosi saa mbili asubuhi Husseni alipiga deki studio yake ya Bulyaga, mjini Tukuyu, kwa mara ya tatu, kwa sababu maji ya Kilwa yalikuwa bado yanajaa. Yalitoka kwenye picha nne zilizotundikwa juu ya benchi la wateja, yakateremka ukutani taratibu na kutanda sakafuni hadi kwenye kifundo cha mguu. Yalikuwa na chumvi, na mwani kidogo. Anwari, mwenye duka la viatu la jirani, hakuwa na malalamiko makubwa. Aliomba tu awe anaambiwa saa za maji kujaa ili awahi kuinua makatoni yake.

Picha hizo alizipiga Hajira, mke wa Husseni, kwao Kilwa Kivinje. Mama yake aliugua mwaka mzima, Hajira akawa anakwenda kumuuguza kila msimu, na kila alipokwenda alisimama ufukweni kando ya mkoko ule ule, akapiga picha moja. Ya kaskazi ina maji maangavu na wanawake wanaookota chaza. Ya masika ina bahari ya rangi ya chai ya maziwa. Ya kusi ina upepo, na wanawake wale wale wameinama wakifunga mwani kwenye kamba, khanga zikiwapiga migongoni. Ya vuli ina ndege wageni wa miguu mirefu. Watu wa Tukuyu, ambao mvua kwao hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, waliingia kutazama misimu kama wengine wanavyoingia kutazama mpira.

Nyuma ya kila picha Husseni alikuwa amegonga muhuri: HUSSENI STUDIO, BULYAGA. Kila kinachotoka studio hugongwa muhuri, hata picha za paspoti za watoto wa shule, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyeona ubaya.

Shida ilianza Husseni alipogundua kwamba maji hujaa Hajira akiwapo. Akienda sokoni, yanapwa. Husseni akibaki peke yake, picha zote zinakuwa tope tupu, kaa wanaingia mashimoni, na wale wanawake wanampa mgongo. Hajira akirudi, wanainuka na kumwuliza hali ya mama.

Husseni aliona wivu. Si ule wa kumwonea mwanamume mwingine. Huo angeujulia dawa. Miaka kumi na minane ameshika kamera, amepiga harusi za Suma na ubatizo wa Masoko, na hakuna picha yake hata moja iliyowahi kutoa tone. Mwezi wa saba alipanda basi akaenda Kilwa mwenyewe, na kamera ile ile, akasimama kando ya mkoko ule ule. Picha ilitoka safi sana. Aliitundika katikati ya zile nne, akakaa kuitazama siku mbili. Siku ya pili inzi alitua juu yake, akaivuka bahari kwa miguu kutoka upande mmoja hadi wa pili, akaruka zake.

"Imetoka vizuri," Hajira alimwambia. Alisema kweli, na hilo lilimuuma Husseni kuliko kusutwa.

Ndipo Nelson, mchapaji wa Mbeya, akapiga simu kutaka picha nne za Kilwa kwa ajili ya kalenda. Asubuhi aliyotarajiwa kuja, Hajira alisema wakiwa wanakunywa chai:

"Baba Yusra, kwenye kalenda liandikwe jina langu."

"Kwani mke na mume si kitu kimoja?"

"Ni kitu kimoja. Basi waandike Hajira."

Husseni alicheka, akaongeza sukari, akasema wataona.

Nelson aliingia adhuhuri, viatu mkononi na suruali imekunjwa, kama alivyoelekezwa. "Hapa chini niandike picha kapiga nani?" aliuliza.

Hajira alikuwa kwenye meza ya pembeni akikata paspoti. Mkasi ukatulia. Katika picha ya kusi, wanawake waliacha kamba zao wakageuka kusikiliza.

"Studio ni yangu," alisema Husseni.

"Najua, kaka. Nauliza mpigaji."

Husseni aliitazama picha yake pale katikati, kavu kama kigae. "Husseni," alisema. "Andika Husseni."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema Anwari, aliyekuwa mlangoni na katoni lake. Nelson alikuwa na basi la kuwahi, akaandika. Maji yakapwa yote mara moja, ingawa Hajira alikuwa amekaa pale pale, na benchi likabaki na mstari wa chumvi. Hajira alimalizia paspoti. Ya mwalimu mmoja aliikata vibaya, sikio likabaki nje.

Kesho yake maji yalirudi. Kalenda nayo, ilipochapwa, ikasambaa Rungwe nzima, na katika kila nyumba ilikuwa tope mpaka Hajira apite. Alipokwenda Masoko kupiga picha za ubatizo, bibi Atuganile alimwahi barabarani, akamsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, mwanangu. Simama hapo kwanza nitoe maharage. Juzi umenilowanishia gunia."

Aliyatoa, Hajira akaingia, na ukurasa wa masika ukajaa. Bibi alikinga ndoo, akasogeza macho karibu na maandishi.

"Na huyu Husseni ni nani?"

"Mume wangu."

"Alikuwepo?"

"Hapana, bibi."

"Haya," alisema Atuganile, akaenda kuleta ndoo ya pili.

Mwezi wa kumi na moja Nelson alipiga simu: watu wanataka kalenda nyingine, ya picha mpya. Husseni alimkatia Hajira tiketi ya Kilwa, akamfutia lenzi kwa kitambaa laini, akambebea begi hadi stendi.

"Safari hii jina langu," Hajira alisema dirishani.

"Tutaona, mama Yusra."

Basi liliondoka, na studio ikakauka kabla Husseni hajafika. Alisimamisha dekio ukutani. Kisha alifungua kichupa kipya cha wino, akalowesha muhuri na kuujaribu kwenye karatasi tupu. Ulikolea vizuri.